Jiwe la Kufichia Pampu

Mpaka leo sijui ni akili gani ilimwingia mume wangu akakubali kuletewa bahari sebuleni. Bahari! Sisi watu wa Kolwezi, ambao maji mengi tuliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Nzilo! Siku hiyo nilirudi kutoka sokoni nikakuta sanduku la kioo, refu kuliko kitanda cha watoto, limejaa maji ya chumvi, na ndani yake samaki wa rangi za ajabu wananitazama. Nilisimama mlangoni na kapu kichwani. "Hii njo nini tena?" nikamwuliza. "Njo bahari, mama," akajibu, anacheka peke yake. Nikamwambia bahari hailiwi, na mimi nimehangaika soko zima kutafuta unga wa bukari, ugali wetu.

Lilikuwa la Mzungu mmoja, mkubwa wake wa kazi. Mume wangu alikuwa fundi umeme kwenye karakana za mgodi. Wanajeshi walipopora mji, wakabeba hadi milango na masinki, Wazungu waliondoka mbio na vijisanduku vya mkononi. Akwariamu ya huyu ilipona kwa sababu hakuna askari aliyejua afanye nini na samaki wasiotosha hata kijiko cha mchuzi. Mzungu akamwita mume wangu, akampa vyote: kioo, pampu, chombo cha kupasha maji joto, magunia ya chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, na maelezo ya mdomo yaliyochukua mchana kutwa. Mume wangu aliyashika yote kichwani. Majina ya shangazi zangu yalimshinda miaka yote ya ndoa, lakini hayo aliyashika.

Shida ikaanza na uzuri. Pampu ilikuwa dude jeusi, kubwa, kwa sababu yule Mzungu alikuwa ameinunua kwa ajili ya sanduku kubwa zaidi. Pembeni yake kulikuwa na kile chombo cha joto, na nyaya zinaning'inia. Mume wangu alikaa mbele yake, uso umekunjamana. "Mu bahari hamuna pompe," akasema. Akanieleza kwamba huko Ulaya watu hutengeneza jiwe la uongo, tupu ndani, wanaficha vyombo vyote humo, na samaki wanadhani wako kwao. Nikamwuliza ni nani aliyeongea na hao samaki akajua wanadhani nini. Alikuwa ameshaanza kutafuta saruji.

Aliyemsaidia ni mdogo wangu wa kiume. Huyu ni wa tumbo moja na mimi, ndiye aliyenifuata. Nilimbeba mgongoni kabla sijajua kujifunga kitenge vizuri. Alikuwa mwashi, tena mwashi mzuri, lakini mgodi ulikuwa umesimama nusu, hakuna aliyejenga, na mshahara wa mtu yeyote ulikuwa kama mvua ya mwezi wa saba. Alikula kwangu kuliko alivyokula kwake, na mume wangu hakuwahi hata siku moja kuiangalia sahani yake kwa jicho baya.

Walipendana, hilo siwezi kulikana. Sisi ni watu wa kaskazini ya Katanga. Mume wangu ni wa Kasai, yaani babu yake alitoka Kasai kuja kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, kwenye kambi ya wafanyakazi, na hiyo Kasai hakuwahi kuikanyaga. Basi walitaniana kutwa kama shemeji wanavyotaniana. Mdogo wangu anasema Mkasai akianguka mtoni atawauzia samaki maji. Mume wangu anajibu kwamba Mkatanga akianguka atalala humo humo. Mimi nawapigia kelele wanyamaze, bukari inapoa.

Jiwe walilitengeneza uani. Walisuka mifupa yake kwa waya wa wavu, wakajaza mifuko ya plastiki katikati ili pabaki uwazi. Kisha saruji na mchanga, na humo humo wakachanganya chumvi ya mawe ya jikoni, tena chumvi yangu, bila kuniomba. Nikawaka. Mdogo wangu akanituliza kwa jina la dada mkubwa: "Yaya, chumvi itayeyuka, itaacha matundu. Utaona, itakuwa jiwe ya kweli." Nyuma waliacha kimlango cha kuinua kwa kidole, ili pampu iweze kutolewa na kusafishwa bila kubomoa kitu. Wakalilaza jiwe kwenye pipa la maji kwa majuma, wakimwaga na kujaza, mpaka ukali wa saruji uishe. Nami nilichota maji hayo, kwa sababu bomba letu lilikuwa likitoa upepo zaidi ya maji.

Likaingia sebuleni. Lilikuwa zuri, nakiri, lenye mapango na vichuguu, pampu haionekani kabisa. Haikupita siku nyingi, mdudu mwekundu wa baharini wanayemwita kamba akalala chali. Ua la bahari, lile lenye vidole laini, likajikunja likaoza. Samaki wenyewe wakawa wanapumulia juu juu, midomo wazi. Mume wangu hakula. Alizunguka kioo kile, anapima hiki, ananusa kile, mpaka siku moja nikamsikia anapiga kelele uani kama aliyekanyaga moto. Alikuwa ameshika kipande cha jiwe kilichobaki, amekielekeza juani, na kwenye mchanga kulikuwa na vidoa vya kijani.

"Shaba, mama! Ni shaba!"

Mchanga ule mdogo wangu aliuchota mtoni, unakotelemka kutoka kwenye mabaki ya madini upande wa Kingamyambo. Kolwezi nzima hujengea mchanga huo. Nani angewaza? Viumbe wa bahari, kumbe, shaba kidogo tu inawaua, na sisi tulikuwa tunaila, tunaivaa, tunaioga, tunawasomesha watoto kwa hiyo. Mume wangu, mtu wa shaba tangu tumboni mwa mama yake, alikaa chini akacheka mpaka machozi. "Bofreri," yaani shemeji, akamwambia mdogo wangu, "ile udongo yenu iko na sumu." Mdogo wangu naye akacheka, akajibu, "Sumu ya bageni tu, bofreri." Tulikuwa watatu pale uani. Watoto walikuwa shule, majirani walikuwa mashambani na sokoni. Watatu tu, tunacheka.

Jiwe la pili walilitengeneza kwa mawe meupe ya chokaa yaliyosagwa, waliyoletewa na watu wa reli kutoka Lubudi. Hilo ndilo lililobaki. Wale samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, siku walipoingia kwenye pango lake na kukataa kutoka, sisi sote tulipiga vigelegele. Hata mimi. Nilianza kupika mapema ili nipate kukaa mbele yao. Nchi ilikuwa inaoza nje, duka baada ya duka linafungwa, na mimi nimekaa kwenye kigoda natazama samaki wakilala ndani ya jiwe la shemeji wawili. Nilikuwa na furaha. Ndiyo, nasema wazi, nilikuwa na furaha.

Majirani walisema yao. Usiku taa ya kioo ilitoa mwanga wa buluu dirishani, na pampu ilikuwa inanguruma mle jiweni. Basi ikavumishwa kwamba mume wangu anafuga mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki ambaye picha yake ilikuwa ukutani katika kila nyumba ya kambi, anayempa mtu utajiri kisha anadai roho ya ndugu. Niliwajibu bombani, mbele ya ndoo zote: "Kama niko na mamba muntu, mbona kitenge yangu iko na kiraka?" Wakacheka. Wakati huo bado walikuwa wanacheka.

Kisha maneno yakageuka. Wakubwa wa siasa walianza kusema redioni na viwanjani kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Mume wangu kitovu chake kimezikwa nyuma ya kambi! Wakaanza kuwaita bilulu, yaani wadudu. Watu niliosali nao, watu waliokula harusini kwangu, wakatamka neno hilo bila hata kupepesa macho. Waliambiwa kwamba kazi za Wakasai watapewa wao, na nyumba pia. Vijana wakajikusanya vikundi vikundi, vitambaa kichwani, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba. Jirani yetu wa mkono wa kushoto, mwalimu, aliondolewa na kitanda chake kikabaki barabarani. Kila asubuhi nilihesabu milango iliyokuwa bado imefungwa vizuri, nikamwomba Mungu mlango wetu uwe miongoni mwa hiyo na kesho yake.

Mdogo wangu ndiye aliyenituliza. Alikuja, akasimama katikati ya sebule, akalamba kidole, akakipitisha shingoni kama tulivyokuwa tukiapa utotoni. "Yaya, usiogope. Mi niko. Hakuna mutu atagusa hii nyumba." Na nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Yeye ni mwenyeji, kijana wa mtaa, anajulikana na hao vijana wote. Mwanaume mmoja wa Katanga akisimama mlangoni na kusema "Huyu ni shemeji yangu, piteni," walikuwa wanapita. Nimeona kwa macho yangu nyumba nyingine zikipona hivyo. Kwa hiyo mambo yetu yote, mume wangu, watoto, nyumba, yalining'inia kwenye mdomo wa mtu mmoja, na mtu huyo nilimbeba mgongoni. Nililala usingizi.

Halafu akaadimika. Siku moja haji, siku ya pili haji. Akija, anakula haraka na haketi mbele ya samaki. Nilimwuliza kama anaumwa. Alisema hapana, anatafuta kazi. Mume wangu akasema nimwache, mwanaume asiye na kazi ana aibu zake. Nikamwacha.

Walikuja Jumapili, jua kali, tumetoka misa na bado nina viatu vya kanisani. Nilisikia kwanza kelele, kisha lango likasukumwa, uani pakajaa vijana wenye fimbo na vyuma. Sikuogopa sana, mtanisamehe. Nilimwona mdogo wangu nyuma yao, nikajisemea kimoyomoyo, ahsante Mungu, amewahi. Nikamsubiri apenye mbele, aseme lile neno lake.

Aliyesema ni mkubwa wao, kijana mwenye sauti ya kukwaruza ambaye sikuwahi kumwona. Alimnyooshea mume wangu fimbo. "Wewe njo ulisema udongo ya Katanga iko na sumu?"

Neno lile! Neno la uani kwangu, neno la kicheko, tulikuwa watatu! Nilimtazama mume wangu, mume wangu akanitazama, na wote wawili tukageuka taratibu kumtafuta wa tatu. Alikuwa anatazama mabati ya paa.

"Nani alikuambia?" nikamwuliza yule kijana.

"Mutu yenu njo alituambia. Na tunajua kuko phonie mu ile jiwe. Anaongea na bandugu yake ba Kasai. Tunaisikia inalia."

Phonie, redio ile ya kuongea na watu wa mbali! Wakaingia sebuleni na viatu vyao vya tope, nami nyuma yao napiga kelele kwamba ni pampu, pampu ya maji, wamwulize aliyelijenga. Nilimshika mdogo wangu shati. Nilimtikisa. "Sema! Wewe njo ulitengeneza hii jiwe, sema kuko nini ndani! Sema tu!" Sikumwomba apigane na mtu. Neno moja tu nililitaka, neno alilolijua kuliko mtu yeyote mle ndani, na kama hilo halitoshi, kile kimlango cha nyuma kilikuwepo, angekiinua kwa kidole wakaona wenyewe. Wote walimtazama. Samaki walikuwa wanazunguka mle kwenye pango kana kwamba hakuna kitu. Uso umeumbwa na haya, wanasema. Wake ulikuwa mkavu.

Alinyoosha mkono akachukua nyundo kwa kijana aliyekuwa karibu naye.

Sikuamini. Hata nyundo ilipoinuka sikuamini, nilidhani anawatisha wao. Alipiga mbele, katikati, kioo kikapasuka kwa mshindo, na bahari yote ikatumwagikia miguuni. Akapiga tena, jiwe likafunguka usoni. Kisha akapaza sauti kwamba kuna umeme, "Courant! Courant! Mutakufa bote!" na vijana wakakimbilia nje wakisukumana, wanarukaruka kwenye maji, wanacheka na kupiga mayowe. Wakatuburuta sisi pamoja nao. Yeye alibaki ndani kidogo, kisha akatoka amelowa hadi magotini, akawaambia, "Nimemaliza. Hakuna kitu tena." Nyuma yake, kupitia mlango ulioachwa wazi, niliona samaki mmoja wa chungwa akirukaruka kwenye sakafu ya saruji karibu na kiti cha mume wangu. Hakuna aliyemwokota. Mimi nilisimama na viatu vyangu vya kanisani, vimejaa maji ya chumvi, na mdomo wangu, mimi ambaye mtaa mzima unaujua mdomo wangu, ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka.

Mkubwa wao akatoa hukumu. Kesho tuwe kwenye gare, stesheni ya reli, tungojee treni ya Kasai. Kisha akanigeukia kwa adabu kabisa, kama mtu anayenisaidia kubeba mzigo: "Wewe mama uko wetu, unaweza kubakia. Bwana yako na batoto, bo njo banaenda. Batoto ni ba baba yabo." Alitabasamu. Nadhani alitegemea nimshukuru.

Nilikwenda na wanangu, swali gani hilo.

Kwenye gare tulikaa na maelfu ya watu, kwenye vumbi, chini ya mashuka na mabati, tukingoja treni ambayo kila siku tuliambiwa inakuja. Mvua ilitunyeshea, watoto walikohoa, na kila kukicha palikuwa na familia inayozika. Sitasimulia hayo, wengi wameyasimulia. Nataka kusimulia hasira yangu. Nilimlaani mdogo wangu asubuhi, nikamlaani mchana. Nilimlaani kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama yetu, nikalilaani hata lile titi tulilonyonya wote.

Mume wangu alinisikiliza, kisha siku moja akaniambia, "Mama, fikiri vizuri." Akasema: huko mitaani walikobisha, wametoa watu meno, wamevunja mikono. Sisi hakuna aliyeguswa hata ukucha. Kwa nini? Kwa sababu mdogo wangu aliwapa kitu cha kuvunja. Angekiinua kile kimlango, wangeona nyaya na dude jeusi linalonguruma, wangesema phonie ndiyo hii, na hapo tungekufa. Yeye akavunja mbele kwa kelele, akawamwagia maji, akawatisha na umeme, akawatoa wote nje. "Alituokoa," mume wangu akasema. "Hakukuwa na njia ingine. Ungefanya nini, ungekuwa yeye?"

Nilibisha siku ile, nikabisha na ya pili. Lakini maneno yale yalikaa, kama maji yanavyokaa kwenye udongo, na polepole nikayaona yana ukweli. Kweli hatukupigwa. Kweli alipiga kelele ya umeme. Na lile neno la sumu, labda lilimtoka tu kwenye pombe, mtu akacheka, mwingine akalibeba. Nilianza kupumua. Unajua uzito wa kumchukia mtu uliyemlea? Nilihisi kama nimetua ndoo kichwani. Nikaanza hata kumwogopea, kwamba wale vijana wakigundua watamfanya nini. Nikamwombea rozari nzima, kwenye vumbi lile, na watoto nikawafundisha wamtaje mjomba wao katika sala ya jioni.

Basi siku aliyotokea, nilimwona kwa mbali anapenya kati ya mizigo ya watu na moyo ukaruka. Nilikimbia. Nilimkumbatia mbele ya umma, nikalia kwenye shingo yake, nikamwambia najua, najua, bwana yangu alinieleza yote. Alikuwa amebeba mfuko wa unga na chupa ya mafuta. Akamsalimu mume wangu kwa mikono miwili. Akauliza habari ya watoto. Akatuambia, macho chini, kwamba siku hizi analala nyumbani kwetu yeye na mke wake na watoto wake, ili watu wengine wasiingie. "Njo vizuri," mume wangu akamwambia. Nami nikasema ndiyo, njo vizuri, na nilimaanisha.

Tukakaa. Watu walipita wakiwa na ndoo, kwa sababu bomba la gare nalo lilikuwa limekauka. Mdogo wangu alikuna goti. Akakuna tena.

"Bofreri," akasema, "ile pompe. Niliichunga. Mi nilijua iko nyuma, njo maana nilipiga mbele. Nilitoa bengine inje basiibebe." Akamsogelea, sauti yake ikawa ya chini, ya mtu na fundi mwenzake. "Nimeiweka mu pipa, ipandishe maji mpaka juu ya nyumba. Lakini haizunguki. Waya gani inaenda wapi?"

Nilimtazama mdomo wake. Nilingoja uendelee, useme neno jingine, neno lolote. Ulikuwa umemaliza. Alikuwa anangoja jibu. Na kitu kinachonishtua mpaka leo ni kwamba hakuwa anatutania wala kututesa. Alikuwa na shida ya pampu, akamletea shemeji yake anayejua pampu. Unga ulikuwa bado kwenye mapaja yangu.

Nilijua mume wangu naye amesikia kile nilichosikia, kwamba kilichookolewa siku ile ni pampu, si sisi, na nikaomba, Mungu anisamehe, nikaomba kwa moyo wangu wote ampe waya wa uongo. Mimi ningempa. Ningemchorea vizuri kabisa. Nilimfinya mume wangu ubavuni, akanishika mkono akaushusha.

"Kuko batoto mule," akaniambia taratibu. "Courant na maji, mama."

Akafuta vumbi kwa kiganja, akaanza kuchora. Hapa waya wa buluu, hapa wa rangi ya udongo, huu wa kijani na manjano ufungwe kwenye chuma, usiuache ukining'inia, na usitie mkono pipani kabla hujachomoa. Alimweleza mara mbili. Mdogo wangu alichuchumaa anafuata kwa kidole, anatikisa kichwa, anauliza pale asipoelewa, kama walivyokuwa uani na mifupa yao ya waya. Aliposhika yote akasimama, akajipangusa magoti, akatushukuru. Nilimwambia akae basi, asalimie watoto, wanakuja sasa hivi kutoka kutafuta maji.

Alisema atarudi siku nyingine. Alitaka kuijaribu kabla umeme haujakatwa.